Kwa Sista Perpetua, Aliyekagua Akiwa Ameketi

Sista,

Ulizikwa Jumamosi, sasa yapata miezi miwili, na mimi Msabato nilikuja. Nilisimama kando ya kaburi lako pale kwenu, nje kidogo ya Rongo, nimeshika viatu mkononi kwa sababu ya matope, nikajiambia: huyu mama amenishinda hata leo. Miaka miwili ulinitania kwamba iko siku utanifanyisha kazi siku ya Sabato. Kulia ni kazi, Sista. Nililia tangu padri alipofungua kitabu mpaka wanaume walipomaliza kushindilia udongo, na sikupumzika.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha tuliyokuwa nayo sisi wawili. Wewe Mjaluo, mimi Mkuria wa mpakani, na Kidholuo changu ulikiita Kidholuo cha kununulia samaki. Kiingereza tulikiachia ripoti. Ninayo habari ya ile zahanati ya ng'ambo ya Magunga, na imenikaa kooni tangu jana, lakini nitaifikia. Unajua mimi hupenda kuruka. Leo acha nijaribu kwenda hatua kwa hatua kama ulivyonifundisha.

Bado wapo wanaodhani ulikuwa mtawa. Kwenye matanga mama mmoja aliniuliza imekuwaje mtawa awe na wajukuu saba. Ikabidi nimweleze kwamba hilo jina la Sista ni la uuguzi, la zama zile nesi mkuu alipoitwa hivyo, na kwamba baada ya kustaafu ulichukuliwa kuwa mkaguzi. Akauliza mkaguzi wa nini. Nikamwambia idara ya serikali ya afya na ustawi imetakiwa ikaguliwe na watu wasio wake, waone kama kazi inayofanyika inalingana na wafanyakazi na vifaa ilivyo navyo, na mimi nilikuwa msaidizi wako. Akasema, "Yaani nyinyi mnaenda kuangalia kama serikali inafanya kazi?" Nikasema ndiyo. Alicheka mpaka akashika kiuno, pale pale matangani, na wenzake wakaanza kucheka bila kujua sababu. Ungefurahi.

Nilikuja kwako nikitoka chuo kikuu, nina kikokotoo kipya na kiburi cha siku nyingi. Asubuhi yetu ya kwanza nilikuwa mlangoni mwa zahanati, kalamu mkononi, namdai karani rejista, ukanishika kiwiko. "Robi, kwanza keti." Nikaketi kwenye benchi, katikati ya mama mwenye homa na mzee mwenye jino, na wewe ukajibana upande wa pili umejifunga leso kama mgonjwa yeyote. Tulikaa hapo mpaka mchana. Hukuandika chochote. Ulikuwa na ile saa ya manesi ya kubandika kifuani, na uliitazama kila mlango ulipofunguka. Nilidhani umezeeka. Nisamehe.

Tulipotoka ulinisomea yote kutoka kichwani. Mgonjwa anainuka mara ngapi kabla ya kupata dawa. Mlango gani anaupita mara mbili bure. Nesi yupi anafanya kazi ya watatu, na yupi amekaa anamngoja mwenzake amalize kutumia kalamu. Kalamu, Sista! Zahanati nzima ilikuwa na kalamu moja inayoandika, na mimi nilikuwa na nne mfukoni. Siku ile nilistaajabu mpaka nikaogopa. Nilikuwa nimekaa benchi lile lile, saa zile zile, nikaona watu wanaokohoa tu.

Na pale karibu na Masara, kwenye machimbo ya dhahabu? Jedwali langu lilisema wagonjwa ni wachache, wahudumu wapunguzwe. Wewe uliketi siku mbili, kisha ukaniambia niache kutazama mlango, nitazame njia. Watu wote walikuwa wakielekea mashimoni saa ile zahanati inafunguliwa. Walipotoka chini, vumbi limewajaa hadi kwenye kope, kufuli lilikuwa mlangoni. Ulipendekeza neno moja tu, kwamba zahanati ifunguliwe alasiri pia. Mwezi uliofuata tulipita tena tukakuta foleni imezunguka jengo. Mimi niliruka kwa furaha, wewe ukasema una njaa.

Uliniambia kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nililisikia, nikaliandika hata kwenye jalada la faili. Kisha nikaenda nikakagua kitanda nikiwa mbali.

Zahanati ya ng'ambo ya Magunga sikuiketia. Wewe ulikuwa umekwenda kumuuguza dada yako, mvua ilikuwa imeharibu barabara, na rejista zao zililetwa ofisini kwetu Homa Bay. Nikazifungua, nikakokotoa. Wagonjwa walikuwa wachache kuliko zahanati yoyote ya upande ule. Lakini dawa za malaria zilikuwa zinaisha kabla mwezi haujafika katikati. Wagonjwa hakuna, dawa hakuna. Mtu aliyesoma akiona hivyo anaona nini? Mimi niliona mwizi. Nikapiga taipureta: zahanati ifungwe, wagonjwa waelekezwe ile nyingine iliyo upande wa pili wa mbuga, na nesi msimamizi achunguzwe kwa kuuza dawa. Nikatia sahihi, nikaipeleka kwa kamati ya ukaguzi bila kukungoja. Nilitaka urudi ukute nimemaliza.

Ulirudi ukasoma nakala yangu ukiwa umesimama, wewe ambaye hujawahi kusoma kitu ukiwa umesimama. Uliniuliza mambo mawili. La kwanza, kama niliwahi kupita ile njia ya kando ya mbuga ya Ruma kwa miguu, na mtoto mgonjwa mgongoni, nyati wakiwa majanini. La pili lilinichoma zaidi: "Na kama ni dawa ndiyo inasema ukweli, na kitabu ndiyo inadanganya?"

Jumatatu tulikuwa kwenye benchi kabla mlango haujafunguliwa. Nakumbuka yule mama mkubwa alivyofika, Min Owiti, yaani mama wa Owiti, anatembea polepole kwa ajili ya miguu yake, na nyuma yake wanawake wanne na watoto, mmoja nyuma ya mwingine kama wanavyopita shambani. Mkononi alikuwa na daftari moja la shule, la kuandikiwa matibabu, lililofungwa kwenye karatasi ya nailoni. Akampa Daktari Odhiambo, kama wanavyomwita pale, yule nesi niliyekwisha kumwandika mwizi. Odhiambo akaandika mstari mmoja kwenye rejista, akaita namba moja. Wote wakainuka.

Ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Robi, wameingia wangapi?"

Nikakujibu mmoja. Sista, nilikujibu mmoja! Namba iliyoitwa ilikuwa moja.

"Hesabu miguu. Gawanya mara mbili."

Miguu ilikuwa kumi na minane. Watu tisa waliingia kwa mstari mmoja, na watu tisa walitoka kila mtu na kipakiti chake cha dawa. Baada yao ikaja familia nyingine, na nyingine, na siku tatu zote zilikuwa hivyo. Mke wa kwanza, mikayi, ndiye anayeanza kupanda na ndiye anayeanza kuvuna, na hakuna wa boma lake anayepita mbele yake. Kwa hiyo hata kwenye zahanati yeye ndiye aliyefungua njia kwa daftari lake, na wake wenza na watoto wote wakatibiwa humo ndani. Malaria ya mtoto wa tatu, kikohozi cha mke wa pili, miguu ya mikayi mwenyewe, vyote ukurasa mmoja, jina moja. Odhiambo ulipomuuliza hakushtuka hata kidogo. "Mimi naandika kitabu yenye imeletwa, Sista. Kwani iko shida? Hata sisi kwetu tunaandikwa kwa mama mkubwa." Jambo lilikuwa wazi kwa kila mtu tangu mto hadi mlima, na kwa sababu hiyo hapakuwa na mtu wa kulisema.

Nilitaka ardhi ipasuke. Sahihi yangu ilikuwa tayari inatembea maofisini, na pale mbele yangu yule mtu niliyemwita mwizi alikuwa anagawanya chupa ya mwisho ya dawa ya kikohozi kwa kijiko, macho yamemwiva kwa uchovu, kwa sababu alikuwa anatibu mara nne au tano ya watu aliopewa dawa zao. Wewe hukunigombeza. Ingekuwa afadhali. Ulinipa nusu ya mahindi yako ya kuchoma, ukasema, "Tutaenda kuirudisha ile ripoti. Wewe na mimi. Jumatatu."

Jumapili ukaanguka ukitoka misa. Presha, walisema. Nilipofika hospitali tayari walikuwa wamekufunika.

Sasa nikuambie yaliyofuata.

Nilikwenda mbele ya kamati peke yangu. Walikuwa wanaume saba na chai. Niliwaeleza habari ya daftari na miguu, nikasikia sauti yangu ikipanda kama ya mtu anayebisha sokoni. Mwenyekiti alikuwa mpole. Alisema pole kwa msiba, kisha akasema, "Lakini binti yangu, hii ni maneno ya benchi. Jedwali yako mwenyewe, na sahihi yako, inasema funga." Maji yalinifika shingoni. Nikamwambia jedwali ni langu na kosa ni langu, na niko tayari liandikwe hivyo, wanipe tu mwezi mmoja nihesabu watu badala ya daftari. Mmoja wao alikohoa. Mwingine akauliza kama nitalipwa mwezi huo. Nikasema sitadai. Wakanipa.

Nilirudi Magunga nikidhani kazi ni rahisi, kwamba nitanunua madaftari, kila mtu apewe lake, nihesabu, nirudi. Nilikuwa bado sijakoma kuruka. Siku ya kwanza niliyogawa madaftari, Min Owiti alilitazama lile la mke mdogo, akalirudisha mezani kwa kidole kimoja. "Sasa huyu akiitwa mbele yangu, nani atabeba chira?" Chira, Sista, hunihitaji nikueleze; ni ile laana inayoingia nyumbani pale utaratibu unapovunjwa. Nilijaribu kumweleza kwamba ni karatasi tu. Wote walinigeuzia mgongo, wakaenda zao na daftari lao moja. Jioni rejista ilikuwa kama ile ya zamani, na mwezi wangu ulikuwa umeshaanza kuliwa.

Ungefanya nini? Niliuliza hivyo kwa sauti, peke yangu, nikamshtua mbuzi. Kisha nikafanya ambalo ungefanya. Nilimfuata Min Owiti nyumbani kwake, nikaketi kwenye kigoda alichonionyesha, nikanyamaza. Nilimmenyea mihogo siku nzima. Siku ya pili nikamwambia ukweli wote, kwamba mimi ndiye niliyeandika zahanati yao ifungwe, na kwa nini, na kwamba kwa macho ya ofisi ya Homa Bay boma lake zima lilikuwa mtu mmoja anayemeza dawa za watu tisa. Aliacha kisu. Nilidhani atanifukuza, na ningeenda.

Akasema, "Kwa hivyo hawa wengine hawako."

Nikamwambia, kwa ofisi, hawako.

Alhamisi ile alikuja zahanati akaniomba madaftari yote ya boma lake. Akayapanga mapajani mwake. La kwanza likawa lake. Akampa Odhiambo, likaandikwa, namba ya kwanza ikaitwa. Kisha yeye mwenyewe, ameketi pale pale, akawa anatoa moja moja kwa mpangilio wa nyumba, mke wa pili na watoto wake, mke wa tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Hakuna aliyepita mbele ya mwingine, wala hakuna aliyeachwa. Mikayi wa maboma mengine walitazama, wakanong'ona, na wiki iliyofuata wote walikuwa wanafanya hivyo, tena kwa majivuno, kila mmoja akitaka mapaja yake yaonekane yamejaa. Mimi na digrii yangu nisingelivumbua hilo hata kwa miaka kumi. Nilisimama pale ukutani nikitamani kukuona uso.

Rejista ilijaa kabla mwezi haujaisha, Sista. Odhiambo aliazima nyingine.

Na kuna mmoja nataka umjue. Mke wa mwisho wa boma la Min Owiti hana mtoto, kwa hiyo hakuitwa Min wa yeyote. Wote walimwita kwa alikotoka, binti wa mahali fulani, basi. Zamu yake ilipofika Odhiambo akauliza jina. Alijibu kwa sauti ndogo sana, akaulizwa tena. "Siproza." Min Owiti akageuka kwenye benchi. Wameishi boma moja mvua nyingi. "Kumbe ndiyo jina yako?" alisema, na wote wakacheka, hata Siproza.

Lakini Odhiambo hakucheka. Alikuwa ameanza kulirudia lile daftari la zamani, akiuliza kila mstari ulikuwa wa nani na kuunakili kwenye daftari la mwenyewe. Akanakili ya Siproza: tumbo. Ukurasa mwingine, tumbo. Nyuma zaidi, tumbo, damu nyingi. Miaka mingapi mwanamke yule alikuja na maumivu yale yale, na kila safari yakaandikwa katikati ya malaria ya watoto na miguu ya mikayi, asiweze mtu kuona kwamba ni ya mtu mmoja. Yalipokusanyika kwenye ukurasa wake peke yake, hata mimi nisiye nesi niliona. Wiki ile ile Odhiambo alimpeleka hospitali kubwa. Alikuwa na uvimbe. Walisema angechelewa kidogo tu tungemzika.

Jana barua ya kamati ilinifikia. Haifungwi. Wanaongeza nesi wa pili, na dawa zitaletwa kwa idadi ya watu. Habari za uchunguzi wa Odhiambo zimefutwa, na ile karatasi yangu ya kwanza itabaki kwenye ripoti, na jina langu chini yake, kama nilivyoomba. Nilipanda gari la kwanza nikaenda kuwaambia. Odhiambo aliisoma mara mbili, akaingia chumba cha dawa akafunga mlango, akatoka macho mekundu akisema ni vumbi.

Siproza alikuwa benchini. Amerudi, amekonda, anatembea akijishika ubavu, lakini anatembea. Akatoa daftari lake akanifungulia ukurasa wa kwanza. Hajui kusoma. Akaweka kidole juu ya jina lake.

"Hapa ndani hakuna mtu mwingine?"

Nikamwambia hakuna. Ni wewe peke yako.

Akakiacha kidole pale. Tulikaa hivyo, mimi na yeye na kidole chake, na foleni ikatuzunguka ikaenda.

Sista, kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hai. Mama yangu ni mke wa tatu. Nimekulia kwenye boma kama lile, kule kwetu mpakani. Nimebebwa kwenda zahanati nyuma ya mama mkubwa na daftari lake, nimemeza dawa zilizoandikwa kwa jina lake, na bado nilizitazama zile rejista nikaona mwizi. Wewe hukuzaliwa na macho makali kuliko yangu. Ulikubali tu kukaa mpaka uone. Hilo ndilo linalonitetemesha kila nikikukumbuka.

Pumzika basi, mama. Erokamano, asante kwa yote, na kwa nusu ya mahindi. Jumapili hii sitakuja kaburini kwako, usinikasirikie. Nakwenda nyumbani. Mama amekuwa akilalamika kifua tangu nikiwa msichana, na hakuna karatasi yoyote duniani inayojua. Nakuahidi Jumatatu asubuhi nitakuwa naye mlangoni mwa zahanati, baada ya mama mkubwa, na litaandikwa jina lake: Mokami.

Wako,
Robi